Maji ya Zamu: Oman Niliyoiona Nyuma ya Barabara Mpya

Muulize Muomani yeyote historia ya nchi yake, na muda si mrefu atakufikisha mwaka 1970. Tarehe 23 Julai mwaka huo Qaboos bin Said alimwondoa baba yake, Said bin Taimur, kwenye kiti cha usultani. Nchi nzima ilikuwa na barabara ya lami ya kilomita 10 hivi na skuli tatu. Malango ya mji wa Muscat yalifungwa usiku, na aliyetembea baada ya hapo alitakiwa abebe taa mkononi ajulikane ni nani. Mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje tangu 1967, lakini matunda yake hayakuwafikia watu. Kisha, katika umri wa kizazi kimoja, zikaja barabara, zahanati, umeme, na mwaka 1986 chuo kikuu cha kwanza cha taifa. Qaboos alipofariki Januari 2020, akamwachia kiti binamu yake Haitham bin Tariq, watu wazima walilia hadharani, na ukijua walikotoka huwezi kuwashangaa.

Sina ugomvi na habari hiyo. Hospitali ni hospitali, na hakuna mila ya kutetewa mbele ya mtoto anayekufa kwa surua. Ninachokikataa ni kile kinachofuatia, hasa kwenye maandishi ya wageni: kwamba kabla ya hapo Oman ilikuwa imelala, na leo inayumba kati ya ngamia na gari. Nimeizunguka nchi hiyo kwa miguu, kwa basi na kwa magari ya watu waliokuwa na huruma, na huko kuyumba sikukuona. Nilikuta mambo ya kale yanayolindwa na serikali kwa rangi, taa na walinzi, nikakuta na mengine yanayolindwa na watu kwa sababu wana fungu lao ndani yake. Hayo ya pili yana vumbi zaidi na matatizo zaidi, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Muscat inaonyesha vizuri kazi ya serikali. Mji umebanwa kati ya milima ya mawe na bahari, na kanuni za ujenzi zimeuzuia kwenda juu: majengo mafupi, meupe au ya rangi ya mchanga, yenye matao. Mwanamume Muomani aliyeajiriwa na serikali huingia ofisini na kanzu na kilemba. Jambia imo kwenye bendera ya taifa. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, una zulia la tani 21 lililofumwa na mafundi wapatao 600 wa Iran kwa miaka minne. Miaka kumi baadaye ikafunguliwa nyumba ya opera, nayo imejengwa kwa sura ya ngome za nchi. Ni uzuri uliopangwa, na nasema kwa dhati kwamba umepangwa vizuri. Miji mingi ya Ghuba ingetamani kurudi nyuma iwe hivi.

Kwetu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, Muscat ina jambo ambalo mtalii wa Ulaya hulipita bila kulisikia. Kiswahili kipo. Kipo kwenye foleni ya benki, kipo sokoni Muttrah, kipo mbele ya mishikaki inayochomwa kando ya barabara jioni. Kofia ya viua inayovaliwa na kila mwanamume wa Oman, mkulima kwa waziri, ni kofia ya kwetu. Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na kwa zaidi ya miaka mia familia moja ikawa na kaburi la babu Nizwa na kaburi la mjomba Pemba. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwakimbiza maelfu, na Oman ya Said bin Taimur haikuwa na haja nao. Wengi waliingia baada ya 1970, Qaboos alipowaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi. Walikuwa wamesoma. Wakawa walimu, wauguzi, makarani na wahandisi wa mafuta, katika nchi ambayo baadhi yao hawakuwahi kuiona na ambayo Kiarabu chake hawakukimudu.

Bibi mmoja alinikaribisha kahawa ya iliki na halua katika sebule yenye kiyoyozi kikali. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa furaha ambayo sijui kama naweza kuieleza, kisha swali lake la kwanza likawa: “Mwanangu, karafuu bado wanazianika barabarani?” Nikamwambia bado, na kwamba ukipita Pemba msimu wake harufu inakutangulia. Wajukuu wake walikuwa hapo, simu mkononi. Wanaelewa Kiswahili, wanajibu kwa Kiarabu, na baina yao wanazungumza Kiingereza.

Lakini siwezi kuueleza undugu huu nikaishia kwenye halua. Majahazi yaliyoleta tende na kurudi na mikoko ya boriti yalibeba pia watu waliotekwa bara wakafanywa watumwa, na mashamba ya mitende ya Oman, hasa pwani ya Batinah, yaliwahi kuendeshwa kwa mikono yao. Oman ilifuta utumwa kisheria mwaka huo huo wa 1970. Vitukuu vyao wapo, ni Waomani. Kila nilipoingia shamba la mitende jambo hili lilikuwa nami, na litarudi hapa chini nitakapofika kwenye maji.

Sur, mashariki, nilikwenda kwa ajili ya bahari. Huko ndiko yalikotoka majahazi mengi yaliyoshuka na kaskazi kuja kwetu na kupanda na kusi kurudi kwao. Karakana moja bado inafanya kazi. Magogo ya msaji yamelala juani, na mafundi niliowakuta ni Wahindi. Karibu na hapo limewekwa jahazi liitwalo Fatah al-Khair, lililoundwa Sur mwaka 1951 na baadaye likarudishwa kutoka Yemen. Linapendeza, limepakwa mafuta, limezungushiwa uzio. Hakuna mtu wa Sur ambaye chakula chake cha kesho kinalitegemea, na nadhani ndiyo maana niliondoka mapema kuliko nilivyokusudia.

Kutoka Muscat kwenda Nizwa sasa ni barabara pana inayokata milima ya Hajar. Kwa ngamia zilikuwa siku kadhaa. Nizwa ilikuwa makao ya maimamu wa Kiibadhi, watawala wa dhehebu la Kiislamu lenye mizizi mirefu Oman, na mnara wake mkubwa wa mviringo, uliojengwa karne ya 17 wakati wa Imamu Sultan bin Saif, ndio picha inayopamba matangazo ya utalii. Ijumaa asubuhi kuna mnada wa mbuzi ambao haumsubiri mtalii: wauzaji wanazungusha mifugo kwenye duara, wanunuzi wamekaa pembeni, bei inatajwa, mkono unavutwa, mbuzi anaondoka. Wazee wanaonunua mbuzi hapo wana akaunti za benki kwenye simu zao.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya mifereji.

Mfereji wa maji wa Oman huitwa falaji, nayo ni hivi. Chini ya mlima, mahali ambapo wajuzi wamesoma dalili za maji, huchimbwa kisima mama, pengine chenye kina cha makumi ya mita. Kutoka hapo mtaro huchongwa chini kwa chini kuelekea kijijini, kilomita na kilomita, na juu yake mashimo ya kuingizia hewa na kutolea udongo hufuatana kwa mstari. Mteremko ni mdogo mno. Ukizidi, maji yatakula kuta za mtaro. Ukipungua, yatasimama na mtaro utajaa tope. Hakuna pampu wala umeme. Mtaro ukikutana na bonde lenye mafuriko ya msimu, mafundi waliyashusha maji chini ya bonde na kuyaacha yapande yenyewe upande wa pili kwa nguvu ya shinikizo lake. Hiyo ndiyo falaji ya daudi. Kuna za ghaili, zinazokinga maji ya juu ya bonde, na za aini, zinazotoka kwenye chemchemi. Inasimuliwa kwamba Nabii Suleiman mwana wa Daud alipita Oman, akaona ukame wa nchi, akawaamuru majini wachimbe falaji elfu moja kila siku kwa siku kumi. Zinazotiririka hadi leo ni kama 3,000. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika orodha ya urithi wa dunia, na mojawapo ni Falaji Daris ya Nizwa, pana kiasi cha watoto kuogelea.

Ustadi wa kuchimba unastaajabisha, lakini ustadi wa kugawana ndio ulionikalisha kitako. Maji yakitokeza juu ya ardhi hufuata daraja. Mahali pa kwanza ni pa kuchota maji ya kunywa, na hapo mwenyeji na mpita njia ni sawa, hakuna anayelipa. Kisha msikiti na udhu, kisha sehemu za kuogea, za wanaume mbali na za wanawake, na baadaye kufua. Mashamba huja mwisho, na maji ya mashamba yana wenyewe. Kinachomilikiwa ni muda. Fungu huitwa athar, nalo ni nusu saa ya mkondo mzima wa falaji. Unaweza kulirithi, kulinunua, kulikodisha au kuliwekea wakfu bila kugusa ardhi yako hata shubiri moja. Mitende hutangulia. Vitunguu, ngano na majani ya mifugo hupata yaliyobaki, na mwaka mkavu ndiyo hukatwa kwanza ili mitende inusurike.

Mchana muda ulipimwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimamishwa kwenye kiwanja chenye alama. Usiku ulipimwa kwa nyota, kila moja na jina lake, zikichomoza juu ya ukingo wa mlima au ukuta uliokubaliwa na wote. Wakili husimamia mtaro na fedha zake, na chini yake kuna arifu, anayejua zamu ya nani inaisha na ya nani inaanza. Baadhi ya mafungu ni mali ya falaji yenyewe. Hupigwa mnada, na fedha hurudi kwenye matengenezo. Mengine ni ya msikiti, ya futari ya Ramadhani, ya mafunzo ya watoto. Kijiji kisicho na askari wala karani wa serikali kiliweza kufanya haya karne baada ya karne, hesabu ikifungwa kila mzunguko. Nionyeshwe usingizi ulikuwa wapi.

Katika kijiji kimoja si mbali na Nizwa, ambacho nitakiacha bila jina kwa sababu ya wenyewe, nilikaribishwa na mzee aliyekulia Pemba. Baba yake alimtuma huko mdogo, akarudi kijana mwenye ndevu, na Kiswahili chake kina maneno ambayo mimi niliyasikia kwa bibi tu. Zamu yake ilikuwa saa nane za usiku. Alinigongea, tukatoka na tochi. Langoni mwa shamba lake mlango wa mfereji ni jiwe lililozungushiwa matambara. Alilivuta, akaliziba tawi la jirani, na maji yakageuka. Jirani naye alikuwa amesimama pale pale. Wakasalimiana, wakaulizana hali za nyumbani, mmoja akatazama saa ya simu, mwingine akasema sawa. Kisha tulikaa juu ya ukingo hadi zamu ikaisha, na huku akinitajia mitende yake, fardhi ile, khasabu ile, khalasi ile kule, kama mtu anayetambulisha watoto.

Nilimwuliza kama kijana wake anakuja zamu za usiku. “Mwanangu, anakuja Alhamisi jioni, anaondoka Jumamosi. Maji hayajui wikiendi.”

Hapo ndipo penye kidonda. Watu hawajaacha kuyapenda mambo ya kale, wanayapenda sana. Ila urithi wa Kiislamu, kwa haki yake, humpa kila mtoto fungu, na athar iliyokuwa ya babu mmoja sasa imekatwa vipande vya dakika moja na sekunde kadhaa kwa wajukuu walioko Muscat, Sohar na Salalah. Nani ataendesha gari saa mbili kwa ajili ya dakika moja ya maji? Basi fungu hukodishwa, au huachwa. Nyumba za udongo za mtaa wa zamani zimehamwa. Wenyewe wamejenga nyumba za saruji pembezoni, zenye bomba la serikali, na maji ya miji mikubwa siku hizi hutoka baharini, yakichujwa chumvi tangu miaka ya 1970. Anayetaka shamba jipya huchimba kisima na kufunga pampu. Pampu haina jirani. Inavuta kutoka chini ile ile inayolisha kisima mama, na serikali ililazimika kukataza uchimbaji wa visima karibu na vyanzo vya falaji. Batinah, ambako pampu zilitangulia na kuzidi, bahari imeingia chini ya ardhi na mashamba yamekuwa ya chumvi. Hilo silisemi kama mtu anayeichukia mashine. Nalisema kwa sababu pampu na falaji zinakunywa kikombe kimoja, na mmoja kati yao haulizi zamu.

Kuna na jambo la mikono. Takriban wakazi wawili kati ya watano wa Oman ni wageni, na shamba la mzee wangu linalimwa na mtu wa Bangladesh. Ndiye anayepanda mtende kwa kamba kuuchavusha, ndiye anayejua mwezi gani tope linaziba wapi, ndiye anayeamka mzee akiumwa mgongo. Zamu za kijiji kizima anazijua kwa kichwa. Fungu hana, na kikaoni hakai. Tangu 2021 sheria inamruhusu mgeni kuhamia kwa mwajiri mwingine mkataba wake ukiisha bila kuomba kibali cha yule wa kwanza, na hiyo ni hatua, lakini kwenye falaji yeye bado ni mkono tu. Nilimwuliza mzee, kwa adabu zote, kama arifu wa kesho hawezi kuwa mtu huyu. Alifikiri kidogo. “Anajua kuliko wanangu. Lakini maji ni nasaba.” Jibu hilo halikunipendeza, nikamwambia hivyo. Nikamkumbusha ni nani waliomwagilia mitende ya Oman zamani bila kuwa na fungu. Hakukasirika, ila mazungumzo yetu ya asubuhi hiyo yalikuwa mafupi.

Vijiji vingine vimepata njia yao. Misfat al Abriyyin, juu ya Al Hamra, kimeketi kwenye mwamba na mfereji unapita katikati ya nyumba. Wenyeji wamezigeuza nyumba za wazee wao kuwa nyumba za wageni, na usiku unalala ukisikia maji. Nizwa kwenyewe, mtaa wa Al Aqr chini ya ngome una hoteli ndogo na mikahawa ndani ya kuta za udongo. Nimelala huko na nimefurahi, na fedha zikibaki mikononi mwa wenyeji naunga mkono. Ila nina wasiwasi mmoja. Mgeni anataka mfereji utiririke mbele ya chumba chake asubuhi na jioni, naye hana haja ya kujua zamu ya nani. Falaji ikianza kufanya kazi ya pambo, itafuata njia ya lile jahazi la Sur.

Mtoto wa mzee alifika siku yangu ya mwisho pale. Ni mhandisi Muscat, ana watoto watatu wa kike, na ameleta mchoro. Anataka birika la saruji kwenye kona ya shamba: maji ya zamu yaingie humo usiku, kisha mpira wenye vitobo uyapeleke kwenye kila shina mchana, kidogo kidogo, yeye akiyafungulia kwa simu hata akiwa Muscat. Anasema nusu ya maji yanayopita juu ya udongo hupotea kwa jua, na kwamba binti zake wasipopata shamba wanaloweza kulisimamia, watauza. Mzee hakutaka kusikia. Alisema birika litamfanya kila mtu alale. Hakuna atakayemwona jirani langoni, na siku tope litakapoziba mtaro kule juu, nani atamwita nani?

Niliwasikiliza jioni nzima, mara kwa Kiarabu, mara mzee akigeuka kunifasiria, na hatimaye wakaniuliza mimi. Nikasema nipo upande wa birika. Kukutana langoni usiku ni kuzuri kuliko karibu chochote nilichokiona Oman, lakini siku hizi wanaokutana ni mzee mmoja na vibarua wa watu ambao hawapo, na shamba ambalo mwenyewe anaweza kulitazama kwa simu bado ni lake kuliko shamba alilolisahau. Nikaongeza sharti: anayejenga birika alipe zaidi kwenye matengenezo ya mtaro, na aje mwenyewe siku ya kusafisha, na mtu wa Bangladesh akae kikaoni siku hiyo kwa sababu ndiye anayejua palipoziba. Kijana aliandika. Mzee alisema habari ya kikao si ya kwangu wala ya kwake, ni ya wakili.

Wakili amekubali bustani chache zijaribu kwa msimu mmoja wa tende. Kuhusu kikao hajajibu. Niliposikia habari zao mara ya mwisho, saruji ilikuwa imeshafika, na baba na mwana walikuwa wanabishana mahali pa kuchimba: kona anayoitaka kijana ndiyo ya chini kabisa, inayofaa kwa mteremko, lakini ina khalasi iliyopandwa na babu, na mzee anasema birika litasogea, mtende hausogei.